Teknolojia ya bahari kuu haiji na mwekezaji, inakodiwa sokoni

Oktoba 2025 kampuni ya Eni ya Italia na wabia wake walipitisha uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa Coral Norte, mtambo wa pili wa kusindika gesi utakaoelea baharini mbele ya pwani ya Cabo Delgado. Mwezi uliofuata TotalEnergies ikaondoa tangazo la dharura lililousimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi, Cabo Delgado, tangu Aprili 2021, baada ya mji wa Palma kushambuliwa. Kwetu, upande huu wa Mto Ruvuma, habari hizo mbili zimepokelewa kwa kauli moja: Msumbiji wametuacha. Na sababu inatolewa hapo hapo. Wenzetu walisaini, sisi bado tunavutana juu ya asilimia, na mwekezaji mwenye teknolojia yake hamsubiri mtu.

Ipo habari nyingine ya mwaka huo huo ambayo kwenye mijadala yetu ilipita kimya. Februari 2025 kampuni mbili za kulaza mabomba na kufunga mitambo chini ya bahari, Saipem ya Italia na Subsea7, zilitangaza nia ya kuungana, na Julai zikatia saini makubaliano. Kampuni itakayozaliwa itaitwa Saipem7. Ilipotangazwa ilikadiriwa kuwa na mauzo ya takriban euro bilioni 20 kwa mwaka, kazi zilizokwisha kusainiwa za euro bilioni 43, na meli za ujenzi zaidi ya 60. Kwa anayetaka kujua hatima ya gesi iliyolala mbele ya Lindi na Mtwara, naamini habari hii ina uzito kuliko zile mbili za kwanza.

Sababu yangu ni hii. Katika mijadala yetu, bungeni, kwenye makongamano na hata vijiweni, teknolojia ya kuchimba gesi kwenye kina kirefu huhesabiwa kuwa mali ya mwekezaji. Yeye analeta teknolojia, sisi tunaleta rasilimali, kisha tunakaa kugombania mgawo. Hesabu hiyo imekosea tangu mwanzo. Shell, Equinor, Eni na wenzao hawamiliki sehemu kubwa ya mitambo inayofanya kazi hiyo. Wanaikodi na kuinunua kwenye soko lenye wauzaji wachache, ambao kila baada ya miaka michache wanazidi kupungua, na bei ya soko hilo hukatwa kwenye gesi kabla taifa halijaona fungu lake la faida. Nguvu zetu nyingi za mazungumzo zimeelekezwa kwenye mstari wa mwisho wa hesabu, ilhali fedha nyingi huondoka kwenye mistari ya katikati.

Tuanze na kazi yenyewe. Kisima cha kwanza cha Zafarani katika Kitalu Namba 2, eneo la bahari yetu linaloendeshwa na Equinor ya Norway, kilichotangazwa kuwa na gesi mwaka 2012, kilichorongwa mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Hapo nanga haisaidii kitu. Meli ya kuchoronga hubaki juu ya kisima kwa kutumia mapangaboi yanayoongozwa na kompyuta, yakisukuma huku na huku usiku na mchana ili meli isisogee hata upepo ukigeuka. Kutoka kwenye meli hushuka bomba nene lililoungwa kipande kwa kipande hadi sakafu ya bahari, na chini kabisa hukaa kifaa cha kuzuia mlipuko wa kisima, mrundo wa vali na visu vya chuma wenye uzito wa mamia ya tani, unaotakiwa kukata bomba na kuziba kisima ndani ya sekunde chache mambo yakiharibika. Kanieneo ya maji huko chini ni kama mara 250 ya hewa tunayovuta. Hakuna mpiga mbizi anayefika. Kila nati inafungwa na roboti inayoendeshwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini ndani ya meli.

Kisima kikishakamilika, juu yake hufungwa mtambo wa vali ambao wachimbaji huuita mti wa Krismasi, kisha mabomba ya kusafirisha gesi na nyaya nene zenye umeme, mawasiliano na kemikali ndani yake. Kemikali zinahitajika kwa sababu maji ya huko chini yana baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Gesi ikikutana na maji katika baridi na kanieneo ya namna hiyo huganda kama barafu na kuziba bomba. Kwa Kitalu Namba 2, gesi hiyo inatakiwa isafiri takriban kilomita 100 hadi ufukweni, ikipanda mteremko wa bahari uliokatwa na mabonde makali. Wanorwei walilifanya jambo la namna hiyo kwenye maji yasiyo na kina kama chetu, katika miradi ya Ormen Lange na Snøhvit, tangu mwaka 2007. Linawezekana. Ila ni kazi ya watu wachache duniani, na watu hao wana majina.

Meli za kuchoronga ni za Transocean, Noble, Valaris, Seadrill na wengine wachache. Miti ya Krismasi na mitambo ya sakafuni hutoka hasa TechnipFMC, Baker Hughes na OneSubsea, ambayo tangu Oktoba 2023 ni ubia wa SLB, Aker Solutions na Subsea7 hiyo hiyo inayoungana na Saipem. Kulaza mabomba kwenye kina kirefu ni kazi ya Saipem, Subsea7, TechnipFMC, Allseas na wengine wanaohesabika. Vyombo vikubwa vinavyoelea hujengwa zaidi Korea Kusini, China na Singapore. Coral Sul, mtambo wa kwanza wa Msumbiji wenye urefu wa mita 432, uliundwa kwenye yadi ya Samsung kisiwani Geoje, ukavutwa baharini mwishoni mwa 2021, na Novemba mwaka uliofuata ukapakia shehena ya kwanza. Eni ndiyo kiongozi wa mradi. Lakini bendera ya Eni ukiiondoa, utakuta kazi ya mikono ya kampuni nyingine nyingi.

Ajali ya kisima cha mafuta ya Aprili 20, 2010 katika Ghuba ya Meksiko iliweka jambo hili hadharani kuliko ripoti yoyote. Watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika kwa takriban siku 87. Dunia nzima ilisema ni kisima cha BP, na kweli kilikuwa chake. Lakini chombo cha Deepwater Horizon kilikuwa mali ya Transocean, kifaa cha kuzuia mlipuko kilitengenezwa na Cameron, na saruji ya kisima ilimwagwa na Halliburton. Kesi zilizofuata zilikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa nani alikuwa na wajibu gani. Kampuni ya mafuta katika bahari kuu inafanana na fundi mkuu anayekuja na jina lake, mchoro na fedha, huku kreni, jukwaa na mashine ya zege akiwa amekodi kwa wengine. Anachomiliki hasa ni uwezo wa kuwapanga hao wote, kubeba hasara wakikosea, na kukopesheka benki. Huo ni uwezo mkubwa, siudharau. Ila si kitu kile kile tunachokitaja tunaposema amekuja na teknolojia.

Sasa tuangalie soko lilivyo. Miaka ya 2012 na 2013, bei ya mafuta ikiwa juu ya dola 100 kwa pipa, meli nzuri ya kuchoronga kwenye kina kirefu ilikodishwa kwa zaidi ya dola 600,000 kwa siku. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwishoni mwa 2014, kodi hiyo ilishuka hadi chini ya dola 200,000, na wamiliki wa meli wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Mwaka 2020 Noble, Valaris na Diamond Offshore zote ziliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na Seadrill imepitia njia hiyo mara mbili. Meli nyingi ziliuzwa kuwa vyuma chakavu. Waliobaki walimezana. Noble peke yake iliichukua Pacific Drilling mwaka 2021, ikaungana na Maersk Drilling 2022, na kuinunua Diamond 2024. Kufikia 2023 na 2024, kodi ya meli bora ilikuwa imerudi karibu dola 500,000 kwa siku. Kwa zaidi ya muongo mmoja, oda mpya za meli za aina hii zimekuwa kama hakuna, kwa kuwa benki zilizoungua hazitaki tena kukopesha kwa ajili yake. Brazil, Guyana, Ghuba ya Meksiko, Angola na Namibia zinagombania zilezile zilizobaki.

Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuyaangalia kwa makini miaka hiyo. Visima vyetu vya bahari kuu, vile vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo kama Pweza, Chewa, Jodari, Tangawizi na Mdalasini, vilichorongwa kati ya 2010 na 2015, na vingi vyake wakati bei ya kukodi meli ilikuwa juu kabisa. Gharama za utafutaji haziishii mchangani. Chini ya mikataba ya ugawanaji mapato, huwekwa kwenye vitabu vya mradi zikisubiri kurejeshwa kwa mwekezaji siku gesi itakapoanza kuuzwa. Kwa hiyo tulishanunua teknolojia kwa bei ya ghali kabla hatujasaini mkataba wowote wa Likong'o, mahali pa Lindi panapokusudiwa kujengwa mtambo wa kusindika gesi hiyo, na mjadala wetu wa wakati ule, naukumbuka vizuri, ulikuwa juu ya nani atapeleka mboga na mchele kwenye meli.

Mboga si jambo dogo kwa mkulima wa Mtwara, na simbezi aliyeipigania kazi hiyo ya kuipeleka. Lakini piga hesabu ya mfano tu. Chukua kisima kinachomaliza siku 60. Kwa kodi ya dola 500,000 kwa siku, meli peke yake imekula dola milioni 30. Kwa dola 200,000 ni milioni 12. Mradi wa visima 20 una tofauti ya dola milioni 360 kwenye mstari mmoja wa hesabu, kabla ya helikopta, saruji, kemikali, roboti na mabomba. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa mwekezaji peke yake. Zinarejeshwa kutoka kwenye gesi. Guyana wanalijua hili kwa uchungu. Mkataba wao wa kitalu cha Stabroek unaruhusu hadi asilimia 75 ya mafuta kwenda kurejesha gharama, kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu, na mrabaha ni asilimia 2. Ndiyo maana nchi ambayo kwenye karatasi ina nusu ya faida inaweza kupokea asilimia 14.5 ya mapato katika miaka ya mwanzo. Na huko Msumbiji, TotalEnergies ilipokuwa inajiandaa kurudi Afungi, iliiandikia serikali ikitaka itambue gharama za ziada za dola bilioni 4.5 zilizotokana na miaka ya kusimama, na muda wa mkataba urefushwe kwa miaka kumi. Hapo chanzo ni vita na kusimama, si bei ya mitambo. Mlango wa kuingilia hesabu, hata hivyo, ni uleule.

Wapo wanaosema, na nimeisikia hoja hii kwa watu wazito, kwamba mwenye teknolojia ndiye mwenye nguvu, hivyo tumpe anachotaka asije akaondoka. Kati ya hoja zote hii ndiyo dhaifu kuliko nyingine. Kama teknolojia inakodiwa, kuondoka kwa kampuni moja hakuiondoi duniani. Wakati huo huo, kutoa asilimia zaidi kwa mwekezaji hakushushi kodi ya meli hata kwa dola moja. Equinor ilipofuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za thamani ya mradi wa Tanzania, Januari 2021, ilieleza kwamba mradi haukuwa na ushindani wa kutosha dhidi ya miradi yake mingine. Ushindani wa mradi wa bahari kuu unabebwa kwa kiasi kikubwa na gharama ya kuujenga. Mradi wa Lindi umekuwa ukitajwa kwa dola bilioni 30, baadaye 42. Ukiwa na namba za ukubwa huo, kupunguza sehemu ya kumi ya gharama ya ujenzi kunaweza kumfaa mwekezaji na taifa pamoja kuliko mwaka mzima wa kuvutana juu ya mgawo. Katika hili maslahi ya pande mbili yanakaribiana, na inasikitisha kwamba ndipo tunapozungumza kidogo zaidi.

Hoja ya upande wa pili ina moyo mzuri. Inasema basi tutengeneze wenyewe, sheria iweke asilimia kubwa ya kazi kufanyika nchini. Tunazo Kanuni za Ushiriki wa Watanzania katika Petroli za mwaka 2017, na nia yake naiunga mkono. Lakini nani ajuaye zaidi ya Brazil? Baada ya ugunduzi mkubwa wa mafuta wa Tupi mwaka 2006, chini ya tabaka nene la chumvi, Wabrazili waliunda kampuni iitwayo Sete Brasil kusimamia ujenzi wa meli na majukwaa 28 ya kuchoronga katika yadi za nyumbani, yakodishwe kwa Petrobras, kampuni ya mafuta ya taifa. Yadi zilichelewa, gharama zikapanda, bei ya mafuta ikaanguka, kashfa ya rushwa ya Lava Jato ikafumuka, na mwaka 2016 kampuni hiyo ikakimbilia mahakamani. Nchi yenye viwanda vya chuma, vya ndege na soko la watu zaidi ya milioni 200 ilishindwa kujilazimisha kuwa mjenzi wa meli za kuchoronga kwa amri.

Hiyo haina maana kwamba Wabrazili walishindwa teknolojia. Ukweli ni kinyume kabisa. Mwaka 1986, muda mfupi baada ya kugundua maeneo ya mafuta ya Albacora na Marlim, Petrobras ilianzisha programu ya utafiti iliyoitwa PROCAP, chini ya kituo chake cha utafiti, CENPES, ikiwaweka wahandisi wake pamoja na vyuo vikuu na watengenezaji wa mitambo kutatua matatizo ya kina kimoja, kisha kingine. Hawakuanza na karakana. Walianza na maarifa ya kujua wanachokihitaji, hata wakawa mnunuzi anayemweleza muuzaji namna ya kutengeneza. Leo, anayeuza miti ya Krismasi duniani hana budi kusikiliza Petrobras inasema nini, kwa kuwa inaagiza kwa makumi na inajua kila vali inafanya nini. Kati ya Sete Brasil na PROCAP, iliyodumu ni ile iliyojenga akili ya mnunuzi.

Afrika nayo ina mifano isiyohitaji kupambwa. Nigeria, kwa sheria yake ya mwaka 2010, ililazimisha sehemu ya chombo kinachoelea cha kutoa mafuta cha Egina, moduli sita kati ya kumi na nane, kutengenezwa nchini, na chombo kizima kikapita Lagos kuunganishwa kabla ya kuanza kutoa mafuta Desemba 2018. Kilikuwa ghali, na wapo waliolalamika. Lakini ujuzi ulibaki. Angola ilichagua njia nyembamba zaidi: kiwanda cha Angoflex mjini Lobito kinatengeneza zile nyaya nene za kuunganisha visima, kwa ubia na Sonangol, kampuni ya mafuta ya taifa. Walichukua kitu kimoja kinachohitajika kila mradi, kinachochosha kusafirishwa, wakakifanya kwao. Kwetu sisi, wenye mradi mmoja unaosubiri, huu wa Angola ndio ninaouona unatufaa.

Kuhusu muungano wa Saipem na Subsea7, wanaoutetea wana hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Zamani mradi mmoja wa bahari kuu ulikuwa na mkandarasi wa mitambo, mwingine wa mabomba, mwingine wa kufunga, na kila walipokutana kulizuka ucheleweshaji na lawama. Tangu TechnipFMC ilipoanza kuuza vyote kama kifurushi kimoja, miradi mingi imefupishwa na kuwa nafuu. Miradi ambayo isingejengeka kwa bei ya mafuta ya 2016 ilijengeka kwa sababu hiyo. Kampuni kubwa pia haifilisiki kwa urahisi katikati ya kazi, na hilo ni jambo kwa nchi isiyo na mkandarasi wa akiba.

Swali langu ni nani anabaki na nafuu hiyo. Mnunuzi mkubwa anaweza kuidai. Brazil ina Petrobras, na ina mamlaka ya ushindani, CADE, yenye uzoefu wa kuibana miungano inayogusa soko lake. ExxonMobil huko Guyana iliagiza vyombo vinavyofanana, kimoja baada ya kingine, na kila kilichofuata kilinufaika na kilichotangulia. Eni inafanya hivyo na Coral Norte, ambayo kwa kiasi kikubwa ni nakala ya Coral Sul. Kurudia ndiko kunakoshusha gharama kwenye bahari kuu. Nchi yenye mradi wa kwanza na pengine wa pekee haina cha kurudia, na wauzaji wakiwa watatu badala ya watano, hakuna anayeharakisha kuipunguzia bei. Shell na Equinor wana mikataba mama ya ununuzi na wauzaji hawa duniani kote, na hiyo ni faida kwetu, kwa sharti moja: tuone bei zake. Mkaguzi asiyejua meli ya aina ileile ilikodishwa kwa kiasi gani Namibia mwezi uleule, atakagua risiti tu, wala hatakagua gharama.

Wengine wanashauri tusubiri. Gesi haiozi, teknolojia itashuka bei. Kuhusu gesi kutooza ni kweli, na anayesaini kwa hofu husaini vibaya. Kuhusu bei kushuka yenyewe, historia niliyoieleza haionyeshi hivyo. Inapanda na kushuka kwa mawimbi, na iliposhuka sana, miaka ya 2016 hadi 2020, mradi wetu ulikuwa umekwama. Tulichimba wakati wa ghali na kulala wakati wa rahisi. Kusubiri kuna maana kwa anayejua anachokisubiri na aliye tayari wimbi likishuka. Mkataba wa nchi hodhi, yaani makubaliano ya serikali na wawekezaji juu ya masharti ya mradi, ambao serikali ilieleza mwaka 2023 kuwa mazungumzo yake yamefikia mwisho, ungekuwa tayari wakati ule, tungeweza kulifuata wimbi. Nao wanaosema gesi yote ibaki chini kwa ajili ya hali ya hewa, wana hoja halali ninayoiheshimu, ila ni mjadala wa kama tuchimbe. Mimi hapa naandika kwa nchi ambayo serikali zake zote tangu 2012 zimesema itachimba.

Kuna sehemu ya soko hili inayonihangaisha kuliko fedha. Baada ya ajali ya 2010, kampuni za mafuta zilichangia kutengeneza vifuniko maalumu vya kuziba kisima kinacholipuka, vinavyotunzwa na OSRL, shirika la kukabili umwagikaji wa mafuta, mahali panne: Stavanger, Angra dos Reis, Singapore na Saldanha Bay ya Afrika Kusini. Cha karibu yetu kwa bara kiko Saldanha, upande wa Atlantiki, na ili kifike mbele ya Mtwara lazima kizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Visima vyetu ni vya gesi, havitamwaga mafuta mazito kama vile vya Meksiko, na hatari yake ni ya namna nyingine. Hata hivyo, kati ya visima hivyo na ufukwe kuna matumbawe ya Mafia, kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, na kuna watu wanaoishi kwa kile kinachoingia kwenye nyavu usiku. Msumbiji wana visima kwenye bonde hilohilo la Ruvuma. Kifuniko kimoja kilichowekwa Mtwara au Pemba ya Msumbiji kingelinda pande mbili za mpaka.

Ushirikiano na Msumbiji uendelee hadi kwenye kukodi. Kuleta meli ya kuchoronga kutoka Angola au Brazil ni safari ya wiki kadhaa, na siku za safari hulipiwa. Meli ikiwa tayari Cabo Delgado kwa kazi ya Eni au TotalEnergies, kuivusha Ruvuma ni mwendo mfupi. Miradi ya pande mbili ikipangwa ifuatane, gharama ya kuileta inagawanywa, na wauzaji wanaona soko la visima vingi. Kampuni zenyewe hushirikiana meli hivyo zinapotaka. Serikali zinaweza kuliweka kuwa sharti la mpango wa kazi kabla ya kuidhinisha bajeti ya mwaka.

Kuhusu watu wetu, namfahamu fundi mmoja wa Mtwara aliyejifunza kuchomelea kwa viwango vya kimataifa wakati wa joto lile la gesi. Cheti anacho. Leo anaunganisha mageti. Asilimia kwenye kanuni haitamrudisha kwenye kazi yake. Kitakachomrudisha ni kuchagua kazi chache zitakazodumu miaka thelathini ya mradi, yaani ukaguzi wa mabomba, matengenezo ya mitambo, uendeshaji wa roboti, na kuwaweka vijana ndani ya meli zinazofanya kazi kwenye miradi ya Msumbiji, waajiriwe kwa mikataba, warudi wakiwa wamezoea.

Na kwa PURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, yenye jukumu la kukagua gharama hizi, na TPDC, shirika letu la petroli linalokaa mezani kwa niaba yetu, ombi ni mahususi. Kila mkataba wa kukodi meli na kununua mitambo ya sakafuni juu ya kiwango fulani uwasilishwe kabla ya kusainiwa, ukiambatana na bei za soko za miezi hiyo, na kampuni zinazouziana zenyewe kwa zenyewe zithibitishe kwamba bei ni ya soko. Wakaguzi wapewe usajili wa taarifa za bei ambazo kila benki ya London inazo, na walipwe vya kutosha wasihamie upande wanaoukagua. Haya yaingie kwenye viambatanisho vya mkataba wa nchi hodhi sasa, kabla meli ya kwanza haijakodiwa. Kodi ikishasainiwa, inaingia kwenye vitabu vya mradi, na itakaa humo hadi gesi yetu iilipe.